Dhahabu, Maji na Choo: Hesabu Niliyoikosea

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu, ambaye ni mtumishi wa serikali katika idara ya afya, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, katika bwalo la shule.)



Ndugu Katibu aliponiandikia barua aliniomba nizungumze juu ya mafanikio ya mwanafunzi wa zamani katika utumishi wa umma. Nashukuru kwa heshima hiyo. Lakini mafanikio nitawaachia wenzangu, maana wapo hapa wahandisi, mahakimu na hata kanali mmoja. Mimi nitazungumza juu ya choo. Najua ni neno ambalo wazee wetu hawalitaji mbele ya wakwe. Hata hivyo, ni karibu miaka ishirini sasa nalipwa mshahara kwa ajili ya neno hilo, na nikilionea haya mimi, sijui nani atalisema. Nitawasimulia pia kosa moja nililolifanya kazini. Naamini vijana watafaidika zaidi na kosa hilo kuliko na vyeti vyangu.

Pipa la bweni

Sisi tuliosoma hapa miaka ya tisini tunalikumbuka pipa. Kila bweni lilikuwa na pipa moja la maji ya kunywa, na kikombe kimoja kilichofungwa kwa kamba ya katani ili kisiibwe. Bomba lilikuwapo, tena la chuma kizuri, ila lilitoa upepo. Wakati ule mji wa Shinyanga ulitegemea bwawa la Ning'wa, na kiangazi kikikaza hata bwawa lenyewe lilikuwa linatafuta maji. Basi tulikwenda mtoni na ndoo kichwani, tukachimba mchanga kwa mikono mpaka maji yatokeze, tukachota kwa sahani ya ugali.

Vyoo vilikuwa nyuma ya mabweni. Mashimo yalikuwa yamejaa na taa hazikuwako, kwa hiyo usiku hakuna aliyefika huko. Tuliishia kwenye ua wa minyaa, na ule ua, kama mnavyokumbuka, uko juu ya kilima kidogo; mto uko chini yake.

Nilipokuwa kidato cha pili, mvua za kwanza zilipoanguka, bweni letu lilianza kuhara. Siku ya kwanza waliugua wanne. Siku ya tatu walikuwa zaidi ya thelathini, na wengine walibebwa kwa mikokoteni kupelekwa hospitali. Wapo waliosema ni maharage mabovu. Wapo waliosema ni kijicho cha shule jirani, kwa sababu tuliwafunga mpira.

Ndipo akaja Bwana Afya kwa baiskeli. Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya sola iliyopauka, na hakutuhubiria hata kidogo. Alituuliza maswali matatu tu: mnachota wapi, mnajisaidia wapi, na mnanawa kwa nini? Kisha akamchukua kiranja wa bweni na sisi wawili watatu, tukatembea naye toka kwenye pipa mpaka mtoni, na toka mtoni mpaka kwenye minyaa. Alipofika pale juu akasimama, akatazama mteremko, akachora mstari kwa fimbo ardhini. Akasema, "Vijana, mnakunywa mlichokiacha jana."

Alitia klorini katika mapipa, akaondoa kile kikombe na kuleta kata yenye mpini mrefu, akatuchimbisha mashimo mawili mapya mahali pasipoelekea mtoni. Katika juma moja ugonjwa ukakoma, wala hakufa mtu. Siku ile niliamua kwamba nikikua nitakuwa mtu wa kuuliza maswali yale matatu. Hivyo ndivyo nilivyofika Muhimbili.

Redio ilipokwisha kusema

Vijana msidhani kwamba kazi hii ilianza na kizazi chetu. Mwaka 1973, serikali kwa kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni mbili, nchi nzima, walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya. Walijifunza juu ya malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Aliyejua kusoma alimsomea asiyejua, na majembe yakatoka.

Marehemu mama yangu alikuwa katika kundi mojawapo, huko kijijini kwetu. Alikuwa bado msichana. Hata uzeeni alikuwa akituambia jinsi walivyokubishana chini ya mwembe, kama choo kinaweza kutumiwa na baba mkwe na mke wa mwanawe. Msicheke, ndugu zangu. Hilo lilikuwa jambo zito, na katika nyumba nyingi za Kisukuma lingali zito hadi leo. Mzee hawezi kuingia mahali alimoingia mkwewe. Kundi lile halikumcheka mzee wala kumtoza faini. Liliamua kwamba boma lenye mkwe lichimbe mashimo mawili. Huo ndio uliokuwa ubora wa Mtu ni Afya: watu walipewa nafasi ya kuyatoa mashaka yao yote, na jibu likatoka kwao wenyewe.

Katika miaka hiyo hiyo, kati ya 1974 na 1978, Uholanzi ilisaidia mkoa wetu wa Shinyanga kuchimba visima vifupi vya pampu ya mkono, mamia kwa mamia. Na ilikuwa bahati kwamba kazi hizo zilikuwa zimeanza, maana mwishoni mwa mwaka 1977 kipindupindu kilizuka Rufiji na kikaenea nchini.

Sasa tazameni kilichofuata. Shimo la boma letu lilijaa miaka ya themanini. Likafukiwa, na jingine halikuchimbwa upesi, maana redio ilikuwa imekwisha kusema. Nyumba ya choo ikabaki imesimama. Mimi nilipopata akili nilikuta kuku wanalala humo. Hali kadhalika pampu. Nyingi nilizozikuta baadaye katika kazi zilikuwa zimekufa kwa kukosa kipuri cha bei ndogo, na mama wa kijiji amerudi lamboni. Tulikuwa hodari wa kujenga, lakini hatukumweka mtu wa kupita kila mwezi na kutazama kama kile tulichokijenga kingali kinafanya kazi.

Maji ya ziwa

Wanafunzi wa sasa mnafungua bomba na maji yanatoka. Yafaa mjue yametoka wapi. Mwaka 1929 Uingereza na Misri ziliandikiana makubaliano juu ya maji ya mto Nile, na kwa makubaliano hayo nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria zilizuiwa kufanya kazi yoyote ya kupunguza maji yale bila ridhaa ya Misri. Tanganyika ilipopata uhuru, Mwalimu Nyerere alikataa kwamba taifa huru lifungwe na barua walizoandikiana wengine. Hata hivyo ilichukua zaidi ya miaka arobaini mpaka maji yenyewe yakavutwa. Mradi uliozinduliwa mwaka 2009 huchota maji Ihelele, wilayani Misungwi, huyasafisha, huyasukuma mpaka kwenye tangi juu ya kilima cha Mabale, na kutoka hapo hushuka kuja Shinyanga na Kahama, zaidi ya kilometa mia. Baadaye yalifikishwa Nzega, Igunga na Tabora.

Ndugu zangu, mimi nililia siku nilipoona mtoto wa shule ananawa mikono kwa maji ya ziwa katika mji huu. Lakini machozi yakikauka mtu hana budi kufikiri. Maji yakiingia nyumbani sharti yatoke. Katika ardhi ya luseni, shimo hunywa maji vizuri. Katika mbuga, ile ardhi nyeusi inayopasuka kiangazi na kuvimba masika, shimo halinywi. Kuta hubomoka na uchafu huelea juu. Wengi wetu katika miji hii tunatumia mashimo, na kila anayeongeza bomba ndani anaongeza maji ya kujaza shimo. Mnapojenga nyumba zenu, enyi wenzangu wenye viwanja, msimuulize fundi juu ya marumaru kabla hamjamuuliza juu ya shimo.

Tena maji safi bombani hayakumzuia kijana kuogelea lamboni. Kwa hiyo kichocho tungali nacho. Mgonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa, vijidudu huingia katika konokono, hukua humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Zamani kidogo, kijana akikojoa damu wenzake walimwambia amekuwa mwanamume. La hasha, ndugu zangu. Ameugua, na akiachwa bila dawa kibofu na figo zake huharibika.

Nilivyohesabu milango

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Geita ni nchi ya dhahabu tangu zamani. Dhahabu iligunduliwa huko mwaka 1898 wakati wa Wajerumani. Mgodi ulifanya kazi toka 1936 hadi 1966. Na mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Lakini pembeni ya mgodi mkubwa wapo wachimbaji wadogo, maelfu kwa maelfu, na mimi nilipangiwa kata moja ya wachimbaji hao. Jina la kata sitalitaja, kwa kuwa kosa ni langu, wala si la watu wa pale.

Asiyeona rashi ya dhahabu hawezi kuielewa. Mtu mmoja anaokota jiwe lenye rangi. Baada ya juma pana watu mia, na baada ya miezi miwili ni mji. Yapo maduara ya kuchimba, yapo makarasha ya kusaga mawe, ipo mialo ya kuoshea, wapo mama lishe, yapo mabanda ya video, zipo gesti za maturubai, wapo wanaonunua dhahabu kwa mizani ndogo. Kila kitu hufika kabla ya choo. Na kila mtu hukwambia hana haja ya kuchimba choo mahali ambapo huenda asilale tena mwezi ujao.

Ikaja barua kutaka taarifa ya kaya zenye vyoo, kwa asilimia, ndani ya majuma mawili. Tangazo likapigwa kwa kipaza sauti: asiye na choo atalipa faini. Katika siku chache vyoo viliota kama uyoga. Miti minne, turubai, na mlango wa gunia. Mimi nikapita na pikipiki, fomu mkononi, nikipiga alama kila nilipoona mlango. Sikushuka kwenye pikipiki mara nyingi. Jua lilikuwa kali, na muda ulikuwa mfupi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikaandika kwamba zaidi ya asilimia tisini ya kaya zina vyoo. Taarifa ilisomwa katika kikao na ikapigiwa makofi.

Katika kuhesabu kule nilikutana na mmoja wetu. Tulikaa naye dawati moja katika shule hii. Aliondoka kidato cha tatu kwa kukosa ada. Alikuwa mwenye duara, na ana mke na watoto. Alinikumbatia kwa tope lake lote, akawaambia wenzake, "Huyu ndiye aliyekuwa akininakilisha hesabu." Tukacheka sana.

Mvua ikaja. Usiku mmoja nikaitwa. Kuhara kumeanza upande wa mialo, na baada ya siku mbili tukageuza madarasa mawili ya shule ya msingi kuwa kambi ya wagonjwa. Sampuli zilipopimwa kikawa kipindupindu. Mnaoijua maradhi hii mnajua haina subira. Mtu mzima aliyekula chakula cha mchana aweza kufa kabla ya alfajiri, kwa sababu tu maji yote ya mwili yametoka. Wengi tuliwaokoa kwa maji yenye chumvi na sukari na kwa dripu. Hatukuwaokoa wote. Yule rafiki yangu alimleta binti yake wa miaka minne, saa tisa za usiku, amembeba mgongoni kutoka ng'ambo ya korongo lililojaa maji. Alikufa kabla hakujapambazuka.

Asubuhi nilikwenda kumpa pole. Hakunitukana. Aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ndugu yangu, ulikuja ukahesabu milango. Ungefungua hata mmoja."

Ndugu Mwenyekiti, niliondoka pale nikaenda kufungua. Nilifungua mlango kwa mlango, kwa siku tatu. Nikakuta mashimo yenye kina cha goti. Nikakuta choo kimejaa kuni. Nikakuta kingine kimefichwa magunia ya mawe ya dhahabu, maana mwizi hatafuti huko. Vilivyotumika vilikuwa vichache. Wale vijana wa shifti ya usiku walijisaidia kando ya maduara, mvua ikashusha uchafu ule mpaka kwenye mwalo, na mama lishe walichota hapo hapo maji ya kupikia. Ule ulikuwa mteremko wa minyaa yetu, ndugu zangu. Nilikuwa nimeyajua maswali matatu tangu nikiwa kidato cha pili, na sikuuliza hata moja.

Hesabu ya pili

Tulianza upya. Safari hii sikutafuta mlango. Nilitafuta njia, maana njia ya choo kinachotumika haioti nyasi. Nilitazama kama kibuyu chirizi kina maji na ardhi chini yake imelowa. Nilitazama majivu, mfuniko na nzi. Niliamka saa kumi na moja alfajiri nikakaa mahali pa wazi kuona watu wanaelekea wapi. Nilikaa na wenye maduara na mama lishe, chini ya turubai, tukabishana kama mama alivyobishana chini ya mwembe wake. Wakakubaliana wenyewe kwamba hakuna shifti itakayoshuka katika duara lisilo na choo cha wachimbaji, na kwamba maji ya kupikia yatatoka mahali pengine, na yatiwe dawa. Yule rafiki yangu ndiye aliyesimamia upande wake. Hakuna aliyemwomba.

Taarifa yangu ya pili ilionyesha kwamba kaya zenye choo kinachotumika hazifiki hata theluthi moja. Haikupigiwa makofi. Mkubwa mmoja aliniuliza imekuwaje vyoo vimepungua. Nilimjibu kwamba havikupungua, havikuwapo. Nilikaa muda mrefu bila kupandishwa cheo, na sidhani kwamba nilionewa. Lakini msimu wa mvua uliofuata kambi ya wagonjwa haikufunguliwa.

Tabia hii ya kuhesabu milango tunaifanya pia katika mambo mengine ya machimbo. Chukueni zebaki. Mchenjuaji huichanganya na mchanga uliosagwa, ikamata dhahabu, kisha huichoma juu ya moto, mara nyingi karibu na jiko la nyumbani. Mvuke wake hauonekani, nao huingia mapafuni na kuharibu mishipa ya fahamu, hasa ya mtoto aliye tumboni. Inayobaki huteremka mtoni na kuingia katika samaki. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga uchafu wa zebaki baharini, na ugonjwa wake ulipotambuliwa mwaka 1956 watu wengi walikuwa wamekwisha kula samaki wale. Mkataba wa dunia juu ya zebaki ulipewa jina la mji ule mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Vizuri. Lakini kuridhia mkataba ni mlango. Swali ni kama kijana wa Rwamagasa au Nyarugusu leo jioni atachoma zebaki yake katika chombo kilichofungwa, au kwenye sufuria ya mkewe. Hali kadhalika vumbi la karasha, linalochakaza mapafu na kukaribisha kifua kikuu: kugawa vitambaa vya kufunika pua si kazi, kazi ni kurudi na kuona kama vimevaliwa, au kama mawe yanamwagiwa maji kabla ya kusagwa.

Hata Waingereza

Asije mtu akadhani kwamba udhaifu huu ni wetu peke yetu, kwa sababu ya umaskini. Croydon ni mji ulio pembezoni mwa London. Miaka ya thelathini ulikuwa manispaa yenye mabomba katika kila nyumba, mhandisi wake, na daktari wake wa afya. Mwaka 1937 kisima kimoja cha manispaa kilikuwa kinakarabatiwa. Mafundi walishuka ndani, na mmoja wao, bila kujua, alikuwa amebeba vijidudu vya homa ya matumbo. Wakati huo huo maji yaliendelea kupelekwa majumbani bila kuchujwa wala kutiwa klorini. Daktari wa afya hakuambiwa kwamba kazi ile inaendelea. Watu zaidi ya 300 waliugua na 43 wakafa. Bomba lilikuwapo, klorini ilikuwapo, wasomi walikuwapo. Kilichokosekana ni mtu mmoja kumwuliza mwenzake swali.

Nawasifu Waingereza kwa jambo moja. Mpaka mwaka 1974, kila manispaa yao ilikuwa na daktari wa afya aliyepaswa kuandika taarifa kila mwaka: wangapi wamezaliwa, wangapi wamekufa na kwa maradhi gani, maji yalipimwa mara ngapi, nyumba ngapi ni mbovu. Taarifa hiyo ilichapishwa, na mkazi wa kawaida aliweza kuisoma na kuuliza. Ya kwetu huingia katika jalada, na jalada huingia katika kabati. Kama taarifa yangu ya kwanza ingesomwa katika mkutano mkuu wa kijiji badala ya kikao cha wakubwa, kijiji kizima kingeangua kicheko, na kicheko kile pengine kingemwokoa mtoto.

Ninaloliomba

Ndugu Mwenyekiti, naona wapishi wanachungulia. Nimalizie kwa maombi matatu.

La kwanza ni kwenu wanafunzi. Kiwango cha serikali kwa shule ni tundu moja la choo kwa wavulana 25, na tundu moja kwa wasichana 20. Msingoje Bwana Afya. Chagueni wenzenu wawili kila bweni. Kila mwisho wa mwezi wapite, wafungue kila mlango, watazame kila pipa na kila bomba, waandike katika daftari, na daftari lisomwe mstarini mbele ya shule nzima na walimu. Andikeni kilichopo, si kinachopendeza. Mkiandika kwamba matundu manne hayafai, hamjaitia shule aibu. Mmeiokoa.

La pili ni kwetu wanachama. Kila mwaka tunachanga, na kila mwaka tunapaka rangi ukumbi huu. Ukumbi umependeza sasa. Mwaka huu tuchangie matangi ya kuvuna maji ya mvua na vyoo vyenye mahali pa kunawa, na tutenge fungu la kuvitunza baada ya picha kupigwa. Naanza mimi kwa mshahara wa mwezi mmoja, na Ndugu Mhazini ni shahidi.

La tatu ni kwa yeyote miongoni mwenu atakayeshika kalamu ya serikali, na najua mtakuwa wengi. Siku moja mtatakiwa taarifa kwa haraka, jua likiwa kali na muda ukiwa mfupi. Shukeni kwenye pikipiki.

Yule mwenzetu niliyemtaja hayumo humu ukumbini. Nilimwalika, akasema yeye hakumaliza shule, kwa hiyo si mwanachama. Naomba kamati iifikirie katiba yetu upya juu ya jambo hilo. Maana katika wote tuliosoma hapa, ndiye aliyenifundisha kazi yangu.